Sheikh Ahmad Rifai na Haki ya Mnyama Aliyedhoofu

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa wenye kusema na wasioweza kusema. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Katika miji ya pwani ni chache nyumba zisizo na paka. Paka huingizwa nyumbani angali mdogo, akalinda mchele na papa mkavu wasiliwe na panya, akalala mlangoni pa ghala, akazoeana na watoto hatta akawa kama mmoja katika watu wa nyumba. Ikipita miaka 12 au 15, uzee humfikia. Macho hufunga ukungu, meno hung'oka, miguu ya nyuma hulegea, na panya hupita mbele yake asiwaone. Hunywa maji mengi kwa kuwa figo zake zimechoka, na mara nyingine hukojoa juu ya mkeka kwa kukosa nguvu za kutoka nje. Hapo mwenye nyumba humwita kijana, akamwamuru amtie paka ndani ya gunia, akamtupe sokoni au ng'ambo ya mji, asirudi tena. Naye hujiona hana dhambi, maana hakumuua. Mwengine humwonea huruma, akadhani kuwa lililo bora ni kumuua ili apumzike na taabu zake.

Mambo haya mawili si madogo kama watu wanavyoyadhani, na mwenye kutaka kuyajua na ayatazame katika maisha ya mtu mwema aliyekufa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Jina lake linajulikana sana pwani, na wengi wamelisikia likitajwa pamoja na dufu na maulidi. Lakini ni wachache waliopata khabari za namna alivyoishi na viumbe dhaifu. Mtu huyo ni Sheikh Ahmad bin Ali, aliyejulikana kwa jina la Rifai, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh Ahmad alizaliwa nchi ya Iraq, pande za kusini, baina ya mji wa Wasit na mji wa Basra. Wengi katika wenye kuandika maisha yake wameutaja mwaka 512 wa Hijria, yaani 1118, na wengine wameutaja mwaka 500. Nchi ile ikiitwa Bataih, na maana yake ni mahali maji yanapotandaa. Mito miwili mikubwa ya Iraq hutapakaa huko ikafanya maziwa na vinamasi, na watu wake walijenga katika vijiji vidogo katikati ya matete, wakaishi kwa samaki na mpunga na nyati wa kufugwa. Ni nchi ya joto kali wakati wa kaskazi yao, na baridi ya kuuma wakati mwengine, na mbu hawaishi. Katika vijiji hivyo kimoja kiliitwa Umm Ubayda, nacho ndicho alichokaa Sheikh Ahmad maisha yake, na ndicho alichozikwa.

Baba yake alikufa mapema, wala Ahmad hakupata kukua mikononi mwake. Aliyemlea ni mjomba wake, Sheikh Mansur, ndugu wa mama yake, mtu mcha Mungu aliyekuwa akifuatwa na watu wengi katika nchi ile. Wasimulizi wameeleza kuwa Sheikh Mansur alipotaka kumjua atakayeshika mahali pake, aliwaita mwanawe wa kumzaa na huyu mwana wa dada yake, akawatuma wote wawili wakakate majani waje nayo. Mwana wa kumzaa akarudi na mzigo mkubwa. Ahmad akarudi mikono mitupu. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa killa jani alilolitaka kulikata alilikuta linamsabihi Mola wake, naye akaona haya kulikatiza. Mjomba wake akajua kwa hilo kuwa kijana huyu ndiye.

Asidhani mtu kuwa Ahmad alikuwa ni mtu wa huruma tu pasina elimu. Alipelekwa kusoma Wasit kwa Sheikh Ali al-Wasiti, mwanachuoni aliyesifika kwa kisomo cha Kurani, akasoma fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafii, ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hatta leo. Kitabu alichokishika katika fikihi ni Tanbih cha Sheikh Abu Ishaq Shirazi. Basi yale aliyoyafanya baadaye kwa paka na kwa mbwa hakuyafanya kwa kutojua hukumu za tohara na najisi. Aliyafanya hali ya kuwa anazijua.

Sheikh Mansur alikufa mwaka 540, sawa na 1145, na Ahmad akakaa mahali pake katika kuwaongoza watu. Murid walimjia kutoka killa upande wa Iraq. Ulikuwa ndio wakati wa Sheikh Abdulkadir Jilani kule Baghdad, na majina ya wawili hawa yakaenea pamoja. Lakini ukubwa haukumbadilisha Sheikh Ahmad mwenendo wake. Alikuwa akikusanya kuni kwa mikono yake, akajitwika, akazipeleka katika nyumba za wajane na wazee na wagonjwa wasioweza kutoka, na akiwajazia maji mitungi yao. Alikuwa akiwangojea vipofu njiani ili awashike mkono awafikishe wendako. Alikuwa akiwaendea wenye ukoma na wagonjwa wa siku nyingi, wale ambao jamaa zao walikuwa wamekwisha choka nao, akawafulia nguo zao, akawachana nywele zao, akala nao chakula, na akiwataka wamwombee dua. Kwake yeye, mtu aliyekwisha nguvu hakuwa mzigo wa kuondolewa njiani. Alikuwa ni mlango wa kumwendea Mwenyezi Mungu.

Na mwenye kuwahurumia watu dhaifu kwa ajili ya Mungu hakomi kwa watu. Wameeleza kuwa siku moja ya baridi kali Sheikh Ahmad alitia udhu, kisha akabaki ameunyoosha mkono wake muda mrefu hautikisi. Yakub, mtumishi wake, alipomwona vile alimkaribia ili aubusu mkono ule. Sheikh akasikitika, akamjulisha kuwa amemtaabisha kiumbe dhaifu. Palikuwa na mbu juu ya mkono wake akila riziki yake, naye sasa ameruka kwa kumwogopa Yakub. Mtu anaweza kucheka kwa khabari hii, khasa mwenye kukaa nchi ya mbu kama pwani, wala hapana mwanachuoni aliyesema kuwa ni lazima kumwachia mbu damu. Lakini mwenye kuzingatia ataona kuwa moyo uliozoea kumtazama hatta mbu hautashindwa kumtazama paka.

Na khabari ya paka ndiyo mashuhuri zaidi. Siku moja Sheikh Ahmad alikuwa amekaa, na paka akaja akalala juu ya mkono wa kanzu yake, usingizi ukamchukua. Wakati wa sala ukafika, na sala ikakimiwa. Palikuwa na njia nyepesi, nayo ni kumwondoa paka. Na hapana mtu angemlaumu, maana sala ni nguzo ya dini na paka ni paka. Sheikh hakumwamsha. Alitwaa mkasi, akaukata mkono wa kanzu yake, akamwachia paka kitambaa alicholalia, akaondoka kwenda kusali. Baada ya sala akarudi, akamkuta paka amekwisha amka na kwenda zake. Basi akakiokota kile kitambaa, akakishona mahali pake, na akasema ya kuwa hapana kitu kilichoharibika.

Yafaa hapa kusahihisha jambo moja. Watu wengi siku hizi huinasibisha khabari hii kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wakasema kuwa alikuwa na paka aliyeitwa Muezza na kuwa aliukata mkono wa nguo yake kwa ajili yake. Khabari hiyo haimo katika vitabu vya hadithi. Iliyomo vitabuni ni ya Sheikh Ahmad Rifai, naye Dhahabi ameitaja katika maisha yake. Mtume wetu hana haja ya kuzuliwa sifa, maana yaliyothibiti kwake juu ya paka yanatosha, nayo yatatajwa mbele inshallah.

Tena itazamwe vyema ile khabari. Sheikh hakuichelewesha sala kwa ajili ya paka, wala hakumvunjia paka raha yake kwa ajili ya sala. Kilichotolewa ni mali yake mwenyewe, kipande cha nguo na muda wa kukishona. Aghlabu ya watu wasemao kuwa haki ya Mungu imewazuia kumtazama mnyama, ukichungua utaona kilichowazuia ni kanzu zao.

Khabari ya tatu ni kubwa kuliko hizo. Pale Umm Ubayda palikuwa na mbwa aliyeingiwa na maradhi mabaya ya ngozi, mwili ukaoza, harufu ikazidi, na watu wa kijiji wakamfukuza killa mlango aliousogelea. Mbwa yule hakuwa na mwenyewe, wala hakuwa na faida tena kwa mtu. Sheikh Ahmad akatoka naye nje ya kijiji mpaka mahali pasipo watu. Akamjengea kivuli cha kumkinga na jua, akawa anampelekea chakula na maji, akampaka mafuta vidonda vyake, na kumsugua ngozi iliyooza kwa kitambaa. Aliendelea hivyo muda wa siku 40. Mbwa alipopona, Sheikh akachukua maji ya moto akamwosha. Watu wakastaajabu, wakamuuliza kwa nini amejitaabisha hivi kwa mbwa. Akawajibu kuwa aliogopa asije akaulizwa na Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama kwa nini hakumhurumia kiumbe wake yule, na kama hakuogopa kupatwa na maradhi yale yale.

Msomaji wa madhehebu ya Imamu Shafii anajua uzito wa kazi ile. Mbwa kwa Shafii ni najisi, naye akikugusa hali ana majimaji, yakupasa kuosha mahali pale mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Hesabu siku 40 za mafuta na vidonda, na killa siku kuosha mara saba kabla ya kusali. Sheikh Ahmad hakusema kuwa mbwa si najisi, wala hakupunguza idadi ya kuosha. Aliishika hukumu ya tohara, na aliishika hukumu ya rehema, wala hakuifanya moja kuwa udhuru wa kuiacha nyengine.

Siku zake zilipokuwa zinakaribia kwisha, umati uliokusanyika Umm Ubayda ulikuwa mkubwa sana. Imepokewa kuwa usiku mmoja wa nusu ya Shaabani walihudhuria watu wapatao 100,000, na wote wakalishwa. Kisha Sheikh akapatwa na maradhi ya tumbo yaliyomchukua siku nyingi. Yule aliyewachukulia kuni wasioweza kutoka, sasa yeye mwenyewe alikuwa hawezi kutoka. Na aliyewafulia nguo wagonjwa, sasa akangojea wengine wamtumikie. Alikufa siku ya Alhamisi, mwezi 22 wa Jumada al-Ula mwaka 578, yaani 1182, naye amepita miaka 60. Akazikwa pale pale Umm Ubayda.

Baada yake tarika iliendelea kwa jamaa zake, ikaenea Iraq na Sham na Misri na nchi nyengine. Lakini Watatari walipoiteka Iraq na kuuvunja mji wa Baghdad mwaka 656, sawa na 1258, baadhi ya wafuasi walizusha mambo ya kuingia motoni na kuchezea nyoka. Dhahabi ameandika waziwazi kuwa Sheikh hakuyajua mambo hayo, wala wema katika watu wake hawakuyajua. Msafiri Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa amezuru kaburi la Sheikh Ahmad miaka michache kabla, akawaona mafakiri wakiucheza moto. Hatimaye tarika ilifika Ngazija na Unguja. Basi liulizwe jambo hili kwa insafu: katika wengi waliolijua jina la Rifai kwa dufu na kwa maajabu ya visu na moto, ni wangapi waliomjua kwa mbwa wa siku 40? Kuingia motoni kwa muda mdogo huwastaajabisha watu. Kumwosha mgonjwa anayenuka siku baada ya siku hakumstaajabishi mtu, na ndiko kulikomstahikia Sheikh.

Sasa na turejee kwa paka mzee. Yeye si kama yule mbwa, maana paka si najisi. Abu Katada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo cha maji ya udhu wake ili paka anywe, na mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, akampa khabari kuwa Mtume alisema paka si najisi, na kuwa ni katika wazungukao nyumbani mwa watu. Mkojo wake ni najisi, nao dawa yake ni maji. Basi aliyekuwa na paka mzee amepewa kazi nyepesi mara nyingi kuliko ile ya Sheikh Ahmad, na paka huyo amemtumikia miaka, ambapo mbwa yule hakumtumikia Sheikh hatta siku moja.

Ama kumtupa, na ikumbukwe khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Kosa lake lilikuwa ni kumfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi. Anayemtupa paka sokoni hudai kuwa yeye amemwacha ajitafutie. Lakini kipofu asiye na meno atatafuta nini? Kumwachia anayeweza kuwinda ni kumpa njia. Kumwachia asiyeweza ni kumfungia mahali pasipo kuta. Na Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676, yaani 1277, ameandika katika Minhaj kuwa mwenye mnyama ni juu yake kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa: ikiwa ni mnyama wa kuliwa, amuuze au amlishe au amchinje, na ikiwa si wa kuliwa, amuuze au amlishe. Paka mzee hana mnunuzi. Basi limebaki moja.

Ama kumuua ili apumzike, Sheikh Zainuddin wa Malibari amelitaja jambo hilo katika Fathul Muin, kitabu kinachosomwa sana katika darsa za pwani. Amesema ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, hatta kwa kutaka kumpumzisha, na mfano alioutoa ni punda aliyelemaa. Huruma ya kweli kwa mujibu wa kitabu hicho si kuikata roho ya mnyama, bali ni kumpunguzia taabu mpaka Mwenye roho aichukue. Hukumu hii ni nzito kwa mwenye kukaa na mnyama anayeumwa, maana imemzuilia njia ya mkato, ikamwachia kazi.

Na kazi yenyewe si ya kuelemea. Chakula chake kiwe laini, samaki aliyechemshwa akatolewa miiba, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Maji yawe karibu naye, kwa kuwa kiu yake ni kubwa. Atandikiwe tambara mahali pakavu pasipo upepo, mbali na miswala ya kusalia, na tambara lifuliwe likilowa. Apanguswe manyoya, maana amekwisha nguvu za kujilamba. Watoto wakatazwe kumchezea kwa nguvu, lakini wasikatazwe kumhudumia, kwani mtoto aliyefunzwa kumnywesha paka asiyeona ndiye atakayejua kumnywesha babu yake. Apatikanapo tabibu wa wanyama aulizwe, maana yako maumivu yanayotulizwa kwa dawa. Na paka anapokaribia kufa hutafuta pembe ya giza akajificha. Aachwe hapo kwa utulivu, wala asitolewe kwa fimbo. Akifa, achimbiwe shimo afukiwe, asitupwe jaani.

Mwenye kuona kuwa haya ni mengi kwa ajili ya paka, na amkumbuke mwanachuoni wa Bataih aliyekuwa na umati mlangoni pake, akatoka na kitambaa na mafuta kwenda kwa mbwa. Hakuna ajuaye ni mikononi mwa nani atakapoangukia yeye mwenyewe siku macho yatakapofunga ukungu na miguu kulegea. Ewe Mola, uturehemu tutakapodhoofu, na ututie katika waliorehemu kabla hawajadhoofu. Umrehemu Sheikh Ahmad na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.